Kusoma Mchoro wa Wino

Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, ndani ya bwalo la shule



Nilipopata barua ya Katibu kuniomba niseme machache siku ya leo, nilidhani ninatakiwa kueleza habari za utumishi wa Serikali, jinsi kazi zinavyopatikana na jinsi mtu anavyopanda cheo. Niliposoma barua vizuri nikaona nimeachiwa uhuru wa kuchagua. Basi nimechagua jambo ambalo huenda baadhi yenu watalicheka. Nataka tuzungumze juu ya mchoro mmoja mdogo wa wino.

Nakala ya mchoro huo nimeibandika hapa ubaoni. Nakala hiyo ina umri mkubwa kuliko kijana yeyote aliyemo humu bwaloni. Imekunjwa mara nne, na pembe moja imeliwa na mende. Lakini bado inasomeka. Ninasema "inasomeka" kwa makusudi, maana leo nataka kuwaeleza ya kwamba mchoro husomwa kama barua inavyosomwa, na kwamba asiyejua kuusoma anaweza kuleta hasara kwa watu wengi. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nimeleta hasara hiyo.

Nianze na darasa. Mwaka 1994 nilikuwa Kidato cha Pili katika shule hii. Siku moja mwalimu wetu wa sanaa aliingia na karatasi hii mkononi, akaibandika ubaoni, akasema, "Andikeni mnachokiona. Mna dakika kumi." Wenzangu wakainama kuandika. Mimi nilikuwa kijana mwenye ulimi mrefu, na wapo humu watakaoshuhudia. Niliandika maneno mawili tu: "Naona mikwaruzo." Nilipotakiwa kusoma nilichoandika nikaongeza kwa mdomo, "Mwalimu, hata mdogo wangu anaweza kuchora hivi." Darasa zima likacheka.

Mwalimu hakukasirika. Aliniita mbele, akaweka kidole juu ya mwanamke mmoja katika mchoro.

"Huyu amebeba nini?"

"Ndoo, Mwalimu."

"Ina kitu ndani au ni tupu?"

"Ina kitu. Imejaa."

"Umejuaje? Umeona maziwa? Umeona maji?"

Sikuwa na jibu. Ndani ya ndoo hapakuchorwa kitu. Mwalimu akauziba kwa kidole gumba mkono wa mwanamke yule, ule mkono ulionyooshwa. "Na sasa je?"

Nikatazama. Ndoo ilikuwapo pale pale, lakini uzito ulikuwa umekwenda zake. Ilikuwa ndoo tu, kama ndoo iliyotundikwa ukutani. Mwalimu akaondoa kidole, na uzito ukarudi.

"Nenda kakae," akasema. "Umekwisha anza kusoma."

Ndugu zangu, nimesoma mengi tangu siku ile, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilinipa shahada. Lakini somo la dakika ile moja ndilo lililokuja kunidai deni lake baadaye, kama nitakavyoeleza.

Kwanza tuutazame mchoro wenyewe. Aliyeuchora ni Mholanzi, Rembrandt van Rijn, aliyezaliwa katika mji wa Leiden mwaka 1606 na kufariki Amsterdam mwaka 1669. Mchoro wenyewe umehifadhiwa London katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, na wataalamu wanakadiria kwamba ulichorwa karibu mwaka 1656. Nao ni mdogo sana, kiasi cha sentimita 9 kwa 15, yaani unatoshana na kadi ya posta. Mchoraji wa Kiingereza wa zama zetu, David Hockney, ameusifu hadi kuuweka mbele ya michoro yote iliyopata kuchorwa duniani. Mimi sina elimu ya kupima sifa kubwa kiasi hicho. Ninachoweza ni kuwaonyesha kilichomo.

Kilichomo ni jambo ambalo kila mmoja wetu amelishuhudia uani kwao. Mtoto mdogo anafunzwa kutembea. Wanawake wawili wamemshika huku na huku, mmoja mtu mzima na mwingine msichana. Huenda ni mama na dada yake. Mbele yao mwanamume amechutama, amefungua mikono kumpokea mtoto. Na kando anapita mwanamke mwenye ndoo ya maziwa. Basi. Watu watano. Karatasi kwa sehemu kubwa imeachwa tupu.

Kijana mmoja ataniuliza: kwa nini utuletee Mholanzi wa karne ya 17, na sisi tunao wachoraji wetu? Swali ni zuri. Sote tunazijua picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kazi yake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akipaka rangi ya kung'aa juu ya mbao ngumu, na ingawa alifariki mwaka 1972 kazi yake ingali inalisha nyumba nyingi mpaka leo. Picha hizo zinamwita mtu kwa rangi akiwa ng'ambo ya barabara. Lakini mchoro wa wino hauna rangi ya kukuita. Unakungoja usogee karibu. Ndiyo maana unafaa kwa kujifunza kutazama, kwa sababu hauna chochote cha kukusaidia ila mistari na nafasi zilizo kati yake.

Tena kipo kifaa kinachomkaribisha Mholanzi huyu kwetu. Rembrandt alichora mchoro huu kwa kalamu ya tete, na tete ni mmea tunaoujua. Babu yangu alikuwa mwalimu wa chuo huko Pwani, chuo cha kufundishia watoto Kurani. Nilimwona akichonga kalamu kwa kisu kidogo: anakata ncha kwa mshazari, anaipasua katikati ili wino upate njia ya kushukia, kisha anaijaribu juu ya ukucha wa kidole gumba. Wino aliutengeneza mwenyewe kwa masizi na gundi ya mti. Neno lenyewe "kalamu" tumelipokea kutoka kwa Waarabu, na asili yake ni hilo hilo tete. Wino wa kahawia wa Ulaya wa siku zile nao ulitengenezwa kwa masizi ya kuni, au kwa vinundu vya mti wa mwaloni vikichanganywa na chumvi ya chuma. Kwa hiyo Rembrandt na babu yangu wangepeana kalamu bila kuhitaji mkalimani.

Sasa, kalamu ya tete ina tabia zake, na anayezijua tabia hizo anausoma mchoro kwa urahisi zaidi. Tete halichukui wino mwingi. Kalamu ya unyoya wa ndege huteleza na kutoa mstari mrefu mwembamba, lakini tete hutoa mstari mnene unaokauka upesi. Mstari huanza mweusi, kisha hukwaruza, kisha hukatika. Basi ukitazama kwa makini unaweza kujua mkono ulianzia wapi na ulikuwa ukielekea wapi. Ukikandamiza, mstari hunenepa. Ukiinua mkono, hukonda. Juu ya yote, wino haufutiki. Mwenye penseli anaweza kubahatisha mara kumi, lakini mwenye wino ameamua. Hivyo kile nilichokiita "mikwaruzo" mwaka 1994 yalikuwa maamuzi ya mtu, moja baada ya jingine, na kila moja likionekana mpaka leo.

Mwalimu wetu alitufundisha kuuliza mchoro maswali matatu. Ninawaachia vijana maswali hayo, myaandike.

Swali la kwanza: uzito uko wapi? Usiulize kwanza kama mtu amefanana au kama pua imekaa sawa. Tafuta uzito. Mwanamume aliyechutama ana uzito wake wote chini, juu ya visigino. Wanawake wameinama, kwa kuwa uzito wanaoushughulikia uko chini ya viuno vyao. Mwenye ndoo uzito unamvuta upande mmoja, na mkono wake mwingine umenyooka kuudai usawa. Mkono huo ni mistari michache mno, unaweza kuihesabu kwa vidole. Lakini uondoe, kama mwalimu alivyouondoa kwa kidole gumba, na mchoro unapungukiwa na maziwa.

Swali la pili: nani anamtazama nani, na nani amemshika nani? Hapa ndipo linapoingia neno mpangilio. Watu wengi hudhani mpangilio ni kuvipanga vitu vipendeze, kama vikombe kabatini. La hasha. Mpangilio ni njia ambayo mchoraji analitengenezea jicho lako. Tazama mikono. Mkono wa mama umemkamata mtoto kwa uhakika wa mtu aliyekwisha lea. Mkono wa msichana umeshika kwa wasiwasi, kana kwamba anaogopa kumwumiza. Mikono ya baba iko wazi, haijashika kitu bado. Jicho lako linasafiri kutoka mkono hadi mkono, na kila mara linaishia kwa mtoto. Uso wake ni alama chache tu hafifu, lakini mna hofu kidogo ndani yake. Mwenye ndoo yuko nje ya mnyororo huo. Nilipokuwa kijana sikujua anafanya nini pale. Siku hizi ninaona hivi: yeye amekwisha zoea kubeba, na mtoto leo ndiyo kwanza anaonja uzito wa mwili wake mwenyewe. Mchoraji amewaweka wote wawili katika karatasi moja, bila kusema neno.

Swali la tatu: ni nini ambacho hakikuchorwa? Kati ya mtoto na mikono ya baba kuna kipande cha karatasi tupu. Mtu mwenye haraka atasema hapo hakuna kitu. Lakini hapo ndipo safari ilipo. Hatua zile ambazo mtoto hajazipiga ziko pale, katika karatasi tupu. Kama Rembrandt angechora mawe au majani au kivuli mahali pale, angeijaza njia na mtoto asingekuwa na pa kupita. Kuacha nafasi nako ni kuchora.

Nitasema kidogo juu ya maisha ya mchoraji, halafu nitafika kwenye deni langu. Mwaka 1656, mwaka ule ambao mchoro huu unakadiriwa kuchorwa, Rembrandt alishindwa kulipa madeni yake. Makarani waliingia nyumbani kwake wakaandika orodha ya mali yake chumba kwa chumba: picha, silaha, sanamu, hata nguo. Vitu vikauzwa, na mwaka 1658 nyumba nayo ikauzwa. Mke wake, Saskia, alikuwa amefariki mwaka 1642, na katika watoto wanne aliomzalia watatu walikufa wangali wachanga. Na nyumbani mwaka ule wa kufilisika palikuwa na binti mdogo, Cornelia, aliyebatizwa mwaka 1654. Sisemi kwamba mtoto wa mchoro ni Cornelia. Ninasema tu kwamba mtu aliyekuwa akiandikiwa vitu vyake na makarani alikuwa bado ana macho ya kumtazama mtoto anayejifunza kutembea. Tena halikuwa jambo jipya kwake. Miaka karibu 20 kabla ya hapo alikuwa amewachora wanawake wawili wakimfunza mtoto kutembea, wakati huo kwa chaki nyekundu. Alilirudia kwa sababu alikuwa hajamaliza kulitazama.

Sasa deni langu. Kazi yangu ni ya mipango katika halmashauri. Miaka 12 hivi iliyopita nilikuwa katika wilaya moja ambayo sitaitaja, na katika meza yangu zilipita karatasi za mradi wa maji wa kijiji kimoja. Ramani iliyoletwa ilikuwa nzuri, imechapwa kwa mashine, ina rangi tatu na vipimo vyote. Ilionyesha kituo cha kuchotea maji chini bondeni, karibu na bomba kubwa, mita 400 kutoka kwenye nyumba. Kisima cha zamani kilikuwa mita 700. Hesabu ilikuwa wazi: mita 400 ni chache kuliko 700. Mtu yeyote angepitisha.

Katika ofisi yetu alikuwapo mchora ramani mmoja, mzee aliyebakiza miezi michache astaafu. Yeye alikwenda kijijini kwa gari la mkaguzi, akakaa huko siku nzima. Aliporudi aliniletea karatasi moja iliyochorwa nyuma ya fomu ya zamani, kwa kalamu ya wino. Haikuwa na vipimo wala kichwa cha habari. Alisema, "Bwana Afisa, naomba uitazame hii kabla hujaweka sahihi." Nikamjibu, "Sawa, Mzee, iache hapo."

Jioni nilikuwa na karatasi nyingi. Nikaichukua, nikaona mstari mmoja wa mshazari na vijitu vitatu vimebeba ndoo. Nikaandika pembeni neno ambalo sisi watumishi tunalitumia kila siku: "Imeonwa." Nikatia sahihi na tarehe, nikaitia ndani ya faili. Siku iliyofuata nikaipitisha ramani ya rangi tatu.

Kituo kikajengwa. Maji yakatoka, sherehe ikafanyika. Baada ya miezi saba nilitumwa kukagua, nikakuta majani yameota kukizunguka kituo. Bomba lilikuwa zima na maji yalitoka vizuri, lakini watu walikuwa wamerudi kisimani. Nikamwuliza mama mmoja sababu. Akanitazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, kushuka tunashuka. Kazi ni kupanda." Akanieleza kwamba wakati wa mvua mwenzao mmoja aliteleza na ndoo kichwani, akavunjika mkono, na tangu siku ile wengi wameona afadhali mita 700 za tambarare.

Kwa kiburi kidogo nikaomba ndoo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, mbali na ndoo yenyewe. Wakanitwika, nikashika kwa mkono wa kulia, nikaanza kupanda. Sikufika hata theluthi ya njia. Maji yalinimwagikia shingoni, miguu ikaanza kutafuta pa kushika, na hapo, ndugu zangu, mkono wangu wa kushoto ukanyooka wenyewe. Sikuuamuru. Nikasimama pale kwenye mteremko, akina mama wakinicheka kwa haki yao kabisa, na mimi nikiutazama mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeuona mkono ule mahali. Nilikuwa nimeuona ubaoni mwaka 1994.

Niliporudi ofisini nilifungua faili kabla ya kuketi. Karatasi ya mzee ilikuwapo, na neno langu "Imeonwa" pembeni. Nikauliza yale maswali matatu. Uzito uko wapi? Mwanamke wa kwanza alikuwa anashuka na ndoo tupu, amenyooka, mstari wake mwepesi, umechorwa mara moja. Wa pili na wa tatu walikuwa wanapanda na ndoo zilizojaa, wameinama mbele, mistari minene, na mikono yao imetupwa kando. Nani anamtazama nani? Hakuna aliyemtazama mwenzake. Wote walitazama miguu yao. Ni nini ambacho hakikuchorwa? Kati ya mwanamke wa tatu na nyumba zilizo juu palikuwa na nafasi kubwa tupu. Hiyo ndiyo njia iliyokuwa imebaki. Ramani ya rangi tatu ilipima urefu. Mchoro wa mzee ulipima mlima. Habari yote niliyohitaji ilikuwa mezani kwangu, bure, kabla ya shilingi moja ya umma kutumika, nami nikaandika kwamba nimeiona.

Ilichukua miaka 2 kupata fedha za kukihamishia kituo juu. Mama yule mkono ulipona, lakini nimeambiwa humwuma wakati wa baridi.

Mzee alikuwa amekwisha staafu. Nilimfuata nyumbani kwake na nakala ya mchoro.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona umekuja na karatasi za ofisi?"

Nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Aliichukua ile karatasi, akaisogeza penye mwanga wa mlango, akaitazama kwa muda mrefu. Nilitazamia anilaumu au anisamehe. Hakufanya hata moja. Alisema, "Huyu wa tatu nilikosea mguu." Akanyamaza, kisha akaongeza, "Lakini mkono uko sawa."

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka mingi. Mimi nilikuja na aibu yangu, yeye alikuwa bado anawatazama wanawake wale wakipanda. Ndiyo tofauti ya kuona na kutazama. Kuona ni kazi ya jicho, nalo jicho halichoki kuona kwa kuwa halina pazia. Kutazama ni kazi ya mtu, na kunahitaji muda ambao mimi jioni ile niliunyima mchoro wake. Nadhani haukufika hata nusu dakika.

Vijana wangu, mtakwenda kuwa waganga, mahakimu, wakulima, wafanyabiashara, na wengine mtakuwa watumishi wenye mihuri. Karatasi nyingi zitapita mikononi mwenu, na leo picha nyingi zaidi kuliko karatasi zinapita katika simu. Zitakuja zikiwa safi, zimechapwa vizuri, zina rangi. Na mara moja moja atakuja mtu na karatasi chafu yenye mistari michache, akisema, "Naomba uitazame." Mtazameni. Tafuteni uzito uko wapi kabla ya kuandika lolote pembeni.

Kwa kuwa mkutano huu una desturi ya kumwachia kila msemaji atoe ombi, ninatoa mawili.

La kwanza ni kwenu wanafunzi. Kabla ya kulala leo, chukua kalamu ya wino, siyo penseli, umchore mtu mmoja anayebeba kitu kizito: mpishi na sufuria, mwenzako na ndoo ya kuogea, yeyote. Usizidishe mistari 20. Ukikosea usifute wala usichane. Chora mwingine pembeni. Ukimaliza, ziba kwa kidole mstari mmoja mmoja. Mstari ambao ukiuziba hakuna kinachopungua, ujue haukuwa na kazi. Mkuu wa Shule ameniruhusu kuwaambia kwamba michoro itakayoletwa kwake kufikia Ijumaa itabandikwa hapa bwaloni, mizuri na mibaya pamoja, bila kutaja nani ni nani.

La pili ni kwetu sisi tuliokwisha ondoka. Jana nilipita kukiangalia chumba cha sanaa. Kimekuwa stoo ya madawati mabovu. Silaumu mtu, shule ina mahitaji mengi na fedha ni chache. Lakini mchoro wa wino hauhitaji fedha nyingi. Karatasi rimu kumi, chupa kadhaa za wino, na matete ambayo yameota bure kando ya mto hapo chini. Nimeleta rimu mbili na kisu cha marehemu babu yangu. Zilizobaki ninawaachia ninyi, na Mweka Hazina ameketi mlangoni na daftari lake.

Nakala hii niliyoibandika ubaoni sitaondoka nayo. Mwalimu wetu wa sanaa alinipa siku ya mwisho ya Kidato cha Nne, na sasa ninairudisha kwenye chumba chake. Nimeandika nyuma yake majina ya wanafunzi wa darasa letu, na chini ya jina langu nimeandika upya neno lile la ofisini, "Imeonwa", pamoja na tarehe ya leo.